Sifuri Mpaka Kumi

Watu husema nina roho mbaya. Mimi nasema sisahau, na sioni kwa nini nione aibu.

Mimi ni nesi Karatu, lakini kwetu ni Kakesio, Ngorongoro, ambako baba yangu alifuga mpaka kansa ya nyonga ikamlaza. Alipolazwa wodini kwetu, alikuwepo daktari mmoja kutoka mjini aliyekuja kufanya utafiti wa maumivu. Alitaka kujua ni wagonjwa gani wa kansa wanaohitaji morfini ya kunywa na ni nani wanaoweza kujikongoja na panado. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Mgonjwa anaulizwa maumivu yake ni mangapi, sifuri mpaka kumi. Akitaja saba kwenda juu, anapewa chupa ya morfini. Chini ya hapo ni panado, na kabati la morfini la wodi lilifunguliwa kwa ruhusa yake tu.

Alimfikia baba saa ya kuona wagonjwa. Wazee wa rika lake walikuwa wamekuja kutoka nyumbani, wamekaa kando ya kitanda na shuka zao mabegani, fimbo magotini. Hao ndio waliotahiriwa naye. Kwetu kijana anapokatwa, watu humkodolea macho usoni, na akipepesa ukope tu ameliaibisha boma zima. Baba hakupepesa, na wale walikuwa mashahidi wake. Sasa bwana huyu akasimama mbele yao kumuuliza kama anaumia.

Nilimvuta pembeni. "Dokta, naomba wazee watoke kwanza. Mbele yao hatakuambia kitu."

"Sista, siwezi kubadilisha utaratibu kwa sababu ya mgonjwa mmoja," alisema bila kuniangalia. "Wewe tafsiri."

Nikatafsiri. Baba aliwatazama wenzake mmoja mmoja, kisha akasema moja. Mzee aliyekuwa karibu naye akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Nilimfuata daktari kwenye korido. Nilimwambia kwamba baba hasemi kweli, kwamba akibaki peke yake anauma pindo la shuka lake asije akapiga kelele, na shuka lenyewe limeshatoboka. Akasema ndugu wa mgonjwa huwa wanakuza mambo. Nikakimbia kulileta lile shuka nikamtandazia mbele ya macho yake. Akasema shuka si kipimo, akaingia wodi ya pili.

Baba alirudishwa Kakesio na pakiti ya panado. Alikufa masika yanaanza. Niliporudi kuzika, mama alinipa lile shuka. Pembe moja haikuwepo tena.

Halafu tukaalikwa kwenye ukumbi wa hoteli hapa Karatu kusikiliza matokeo. Yule bwana alisimama na tai yake akaeleza kwamba wafugaji wa Ngorongoro wana uvumilivu wa asili, kwamba miili yao haisikii maumivu kama ya watu wengine, hivyo morfini kwao si jambo la haraka. Watu walipiga makofi. Zikaletwa sambusa na chai ya maziwa, nami vyangu nikaviacha mezani. Tangu siku hiyo, wenzangu wakiombea mvua na ada za watoto kanisani, mimi nilimwomba Mungu ampe yule mtu maumivu. Niliomba kwa adabu, nimefumba macho, nimepiga magoti.

Mwaka huu amerudi. Alikuwa amewaleta wanafunzi wake wa udaktari, na kabla ya kazi akawapeleka kuona Kreta ya Ngorongoro. Kule juu palikuwa na ukungu na tope. Aliteleza akishuka kwenye gari, akaangukia mkono, bega likatoka mahali pake. Walimleta kwetu, na zamu ilikuwa yangu.

Daktari wa zamu alimwangalia, akaagiza picha ya bega, akaniambia nimpe sindano ya morfini ikiwa maumivu ni makali. Kisha akaitwa chumba cha upasuaji. Nilibaki na mgonjwa wangu, sindano yangu kwenye trei, na wanafunzi wake wamezunguka kitanda.

"Shikamoo, dokta."

"Marahaba." Hakunikumbuka. Shati lake lilikuwa limelowa jasho, na baridi ya Karatu mnaijua.

"Maumivu yako ni mangapi? Sifuri mpaka kumi."

Aliwatazama vijana wake. Mmoja alikuwa amemshikia koti. Akajilazimisha kutabasamu. "Tatu. Labda nne."

"Hongera," nikasema. "Kwa utaratibu wako, hiyo ni panado."

Nikampa panado na maji, nikakaa kwenye kiti nikaanza kukunja bandeji. Nilizikunja vizuri siku hiyo. Bega lilimtetemesha, akang'ata kola ya shati lake mwenyewe. Mwishowe akawaambia wanafunzi wakamtafutie soda, wote. Mlango ulipofungwa, akaninong'oneza.

"Sista, ni tisa. Tafadhali."

Niliinuka, nikafungua mlango, nikawaita warudi. "Mwalimu wenu ana jambo la kuwafundisha," nikawaambia. Kisha nikamgeukia. "Rudia, dokta. Wasikie."

Alinitazama usoni. Nadhani hapo ndipo aliponikumbuka, maana alifumba macho. "Tisa," alisema, na machozi yakamtoka mbele yao wote.

"Baba yangu alikuambia moja," nikasema. "Wazee wake walikuwa wamemzunguka kama hawa."

Nikamchoma sindano ya mshipa. Nilikuwa nimeingoja saa hiyo kwa miaka, nikadhani nitatoka pale nimeshiba. Nikasimama kuitazama aibu yake. Lakini dawa ilianza kazi. Taya zikaachia, vidole vikafunguka, kola ikamtoka mdomoni ikiwa na alama za meno. Akapumua kama mtoto aliyenyonya, akasinzia, kabla hata sijamaliza kusafisha trei.

Kumbe ni hivyo tu. Kumbe ni kitu chepesi namna hiyo, na kilikuwa kabatini, hatua chache kutoka kitanda cha baba. Nilikuwa nimekuja pale na hasira ya zamani. Niliondoka na mpya.