Makubadhi Mlangoni

Mwanamkasi alifundisha lishe katika chuo kimoja mjini Tanga kwa miaka mingi, hata wanafunzi wake wa mwanzo sasa wanamletea watoto wao. Alisoma notisi zake darasani neno kwa neno, wanafunzi wakanakili neno kwa neno, na mtihani ulipofika wakamrudishia zilezile. Uongozi wa chuo ukachoka, ukaleta mafunzo kwa wakufunzi wote: kuandika na kufikiri kwa ubunifu.

"Mie nifundishwe kufikiri na ukubwa huu?" Mwanamkasi alimwambia Hafsa, wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Huyu Hafsa alifundisha afya ya jamii, na alikuwa shoga yake wa kufa na kuzikana. Walikaa ofisi moja, walikula sahani moja, na harusini walivaa sare. Tena Hafsa ndiye aliyeshika siri yake. Mwaka wa juzi Sele, mume wa Mwanamkasi, alifunga begi akaenda Mtwara, asirudi. Mwanamkasi hakumwambia mtu. Aliyeuliza aliambiwa Sele alikuja jana, kaondoka alfajiri. Na ili uongo usimame, kila asubuhi alitoa makubadhi ya Sele, viatu vyake vya ngozi, akayaweka mlangoni, leo yametazama ndani, kesho yametazama nje. Hafsa alimkuta siku moja akiyapangusa vumbi. Alikaa chini wakalia pamoja.

Mwezeshaji wa mafunzo alikuwa Bwana Laurenti, mtu wa bara, mpole na mwenye tabasamu la kudumu. Siku ya kwanza akasema, "Andikeni kisa cha mtu, kisha tusomeane. Jina msitaje."

Maskini, hakujua amefika wapi! Huku pwani mtu hujifunga kanga yenye maneno yake, akapita mbele ya mlango wa jirani bila kufungua mdomo, na jirani akashinda na homa. Kisa kisicho na jina, kwa watu wa namna hii, lazima kina mwenyewe.

Hafsa akasimama kusoma. Kwa sauti ndogo alisoma habari za mwanamke ambaye kila asubuhi hugeuza makubadhi ya mume asiyekuwepo.

Masikio yalimvuma Mwanamkasi. Subhanallah! Siri yake, mbele ya wakufunzi wote, mbele ya mkuu wa chuo! Wenzake walikuwa wakitikisa vichwa kwa huruma, naye akaona kila jicho linamtazama yeye. Mwisho wa kisa hakuusikia. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, na jioni ile aliondoka bila kumuaga shoga yake.

Baada ya magharibi alikaa na kalamu. Maisha yake yote hakuwahi kuandika sentensi ambayo haikutoka katika kitabu cha mtu mwingine, na sasa zilimiminika. Kwani naye alikuwa na lake la kusema. Mume wa Hafsa, Mudathir, alifanya biashara ya machungwa, na binamu yake Mwanamkasi aliyeko Maramba alikuwa amemnong'oneza kwamba bwana huyo kaoa huko na mke mdogo ana mimba. Jambo hilo Mwanamkasi alilificha kwa mapenzi, asije akamuumiza mwenzake. Mapenzi hayo yalikwisha jioni ile.

Asubuhi akasoma. Alisoma kwa madaha, nyonga moja juu, kisa cha mwanamke anayeringia mume mfanyabiashara wa machungwa, kumbe bwana ana nyumba ya pili Maramba, anasubiri mtoto, na mwanamke peke yake ndiye hajui.

Bwana Laurenti akapiga makofi, peke yake. "Huu ndio ubunifu! Mwalimu, umezaliwa upya!"

Mwanamkasi alimtazama Hafsa, tayari kwa vita. Lakini Hafsa hakuwa na hasira usoni. Midomo yake ilitamka neno moja bila sauti, Maramba, kisha akachukua mkoba wake akatoka.

Wakati wa chai Tausi, mkufunzi kijana wa maktaba, alimsogelea. "Dada, cha kwako kikali. Ila mimi cha Hafsa cha jana ndicho kilichoniliza. Pale mwisho, anaposema ile hila ya makubadhi aliiona kwa dada yake. Kwamba na yeye sasa yamemfika, mume katoka hajarudi, na anatamani amwambie dada yake lakini mdomo mzito."

Kikombe kilimponyoka Mwanamkasi. Hafsa hana dada. Kwao kazaliwa peke yake.

Alipanda bajaji mpaka Ngamiani, chai imemlowesha buibui, akisema laa haula njia nzima. Mlangoni kwa Hafsa akavua viatu kwa mazoea, ndipo akayaona. Makubadhi ya Mudathir, yamepanguswa vizuri, yametazama ndani. Alipita hapa mara ngapi akayaona, akadhani bwana yumo?

"Hodi, shoga."

Hafsa alitokea, macho mekundu. Hakumkaribisha.

"Wallahi sikujua," Mwanamkasi alisema. "Nilidhani weye wanisema mie. Wallahi, Hafsa, sikuusikia mwisho."

"Nilishindwa kukwambia kwa mdomo," Hafsa alisema. "Yule bwana aliposema tuandike, nikasema haya, leo mwenzangu atasikia." Akaegemea mlango. "Hilo la Maramba, weye ulilijua tangu lini?"

Mwanamkasi alitamani kusema uongo. Alikuwa fundi wa uongo, lakini siku ile haukuja.

"Tangu Ramadhani."

"Ramadhani." Hafsa alilirudia polepole. "Mie Ramadhani nzima nimempikia futari, nikaifunika, nikamngoja. Na weye ulikuwa ukija kufuturu hapa. Ulikuwa ukiitazama sahani yake."

Machozi yalimtoka Mwanamkasi.

Hafsa aliinama, akayaokota makubadhi ya mumewe, akayaingiza ndani, akafunga mlango. Pale nje vilibaki viatu vya Mwanamkasi tu.