Gridi ya Honi Moja

Kwenye zahanati moja ya Sherikat, hapa Juba, nilimkuta dada mchora ramani ameugawa mtaa kwenye kompyuta kwa gridi, kila mraba na herufi na namba yake, ili ambulensi ifike kwenye nyumba zisizo na anwani. Dereva wa ambulensi, Mganda, akatikisa kichwa.

"Madamu, mraba moja iko na nyumba mingi. Mimi nitagonga mlango ngapi?"

"Honi yako inasikika mpaka wapi?"

Akamwonyesha kwa kidole kwenye skrini. Dada akaandika vipimo vidogo zaidi, gridi ikajichora upya.

Simu ikalia: mama ameshikwa na uchungu, nyuma ya kanisa la mabati.

"D nne," dada akasema.

Dereva alisimulia baadaye kwamba alipiga honi mara moja, mume akatoka mbio. Mtoto alizaliwa salama zahanatini.

Wataalamu wengi wangemwambia dereva aendeshe tu; dada huyu alimuuliza kwanza.