Machine ya Théo, Jina Langu

Mwezi wa tisa, mwaka 1998, mchana kweupe, rafiki yangu wa damu aliniita mwongo mbele ya watu zaidi ya thelathini.

Nilikuwa mwongo. Shida haikuwa hapo.

Shida ni kwamba katika maisha yake yote Théo hakuwahi kumwaibisha mtu. Hata mlevi aliyemwibia baiskeli alimwita "papa". Siku ile akanigeukia mimi, akanivua nguo nimesimama.

Niliapa kutomsamehe. Nikashika kiapo changu miezi saba.

Leo naandika kwa sababu tuliomjua tunapungua, na sitaki aondoke kimyakimya kama moshi wa mbabula, jiko letu la makaa.

Naitwa Jessé Kabwe. Miaka ile nilikuwa secrétaire wa shule hapa Kamina. Baba yangu mwalimu, babu yangu mwalimu, watu wa kanisa la Kimethodisti tangu zamani. Kwetu jina lilikuwa mali. Ukisema "mutoto ya Kabwe", watu walinyamaza wakusikilize.

Théo Kalenga alikuwa fundi wa reli. Wazazi wake, wakulima Wakatoliki wa njia ya Kaniama, walikuwa wamekwisha kufa. Suruali moja ya kazi, moja ya misa. Tulikaa darasa moja. Mimi nilikuwa wa kwanza, yeye wa kumi na kitu.

Ugonjwa wetu ulianza 1997. Mzungu mmoja wa misheni, alipokuwa anafunga mizigo kukimbia vita, alituonyesha ordinateur yake, yaani kompyuta. Ndani mlikuwa na mchezo wa mbio za magari.

Mimi nilicheza mpaka vidole vikaniuma.

Théo alicheza dakika tano, akaacha. Akamwambia yule mzungu, "Papa, unaweza kuifungua? Nataka kuona ndani."

Mzungu alipoondoka, tuliapa kwamba tutajijengea ya kwetu.

Sasa, Kamina ya wakati ule, duka la ordinateur ungelipata wapi? Njia ilikuwa moja tu: phonie.

Phonie ni ile redio ya kanisa ya kuongea mbali. Kila siku ya posho, yaani Jumamosi, saa kumi, matangazo ya wagonjwa na matanga yakiisha, Julie Kyabu aliyeishika alitupatia dakika kumi. Upande wa pili, Lubumbashi, alikaa Zacharie, fundi wa machine. Yeye alitafuta vipande vya mitumba, sisi tukachagua, naye akavituma kwa treni kimoja kimoja.

Lakini phonie haina siri. Ukiongea Kamina, Luena wanasikia, Kaniama wanasikia, Malemba-Nkulu wanasikia. Na kumbe huko kote kulikuwa na wagonjwa wenzetu. Kila aliyemaliza kusema alitamka "À vous", yaani zamu yenu.

"Kamina, Kamina, hapa Lubumbashi. Niko na processeur mbili. Moja ni 486, ingine Pentium. Munakamata gani? À vous."

Nilirukia micro. "Pentium! Ile ya mupya! À vous."

Sauti nzito ikaingia kutoka Malemba. "Kamina, munayua ile inatoa moto namuna gani? Bila ventilateur ya nguvu itageuka mbabula. Mutapikia bukari juu yake. À vous."

Kaniama nao wakadakia. "Umuache, papa. Anataka ya mupya sawa bibi-arusi."

Théo akaniomba micro kwa upole.

"Papa wa Malemba, asante. Zacharie, tupatie 486, lakini uongeze mémoire ifike kumi na sita. Ule mchezo unakula mémoire. Na carte ya sauti, hata ya zamani. Gari bila sauti haiko gari. À vous."

Kisha Malemba tena: "Ule mwenye anasema vile ni nani? À vous."

"Théo wa Kamina. À vous."

"Théo, weye njo muntu. Ule mwengine umutume auzishe makala ya mbabula."

Wilaya tatu zilicheka kwa wakati mmoja. Julie alicheka mpaka akashika meza.

Nami nilicheka. Lakini kifuani kitu kiliniuma kama mwiba wa samaki uliokwama.

Wiki iliyofuata tukachagua manette ya kuchezea. Mimi niliitaka ile kubwa nyekundu ya vifungo vingi. Théo akasema hapana, tukamate ile ya kijivu ya vifungo viwili, kwa kuwa mchezo wetu unatumia viwili tu.

"Na tutaichomeka wapi?" nikauliza.

"Nyuma ya carte ya sauti. Fashi yake, nafasi yake, iko pale."

Malemba wakapiga makofi hewani. Kweli kabisa, watu walipigia makofi kichomeko!

Kilichoniumiza zaidi si kwamba alijua. Ni kwamba hakujivuna. Mtu akimsifu alisema, "Tulichagua pamoja na Jessé." Alinigawia sifa kama unavyomkatia mtoto kipande cha mkate. Afadhali angejivuna, ningemchukia kwa sababu.

Pasaka ya 1998 machine iliwaka, chumbani kwake, kwenye camp ya reli. Watu walijaa mpaka dirishani. Gari dogo likakimbia kwenye kioo likinguruma, vijana wakapiga kelele, mama mmoja akasema, "Eh Vidye, Mungu wangu! Na ule mwenye kuliendesha iko wapi?"

Siku chache baadaye mgeni alishuka treni kutoka Luena, akaja kugonga kwangu.

"Natafuta Théo wa ordinateur. Weye njo petit yake?"

Petit yake! Mdogo wake, mimi niliyemzidi miaka miwili! Mimi niliyekuwa namnakilisha hesabu!

Toka siku ile nilianza kuweka "minyi", mimi, mahali pa "sisi".

Sokoni nilisema, "Ile machine, minyi njo nilichagua bintu byote."

Kanisani nilisema, kana kwamba kazi yake ni skrubu tu, "Théo ananisaidia kukaza ma-vis, basi."

Watu waliniamini. Jina la Kabwe lilifanya kazi yake. Baadhi walimpelekea Théo maneno hayo. Aliwajibu, "Jessé iko na haki. Tulikuwa pamoja."

Sikumshukuru. Nilisema moyoni: kumbe anakubali.

Mwezi wa nane vita vilirudi. Treni zikabeba askari. Kwenye phonie, mambo yetu yakakatazwa. Julie aliendelea na kazi, lakini sasa askari wawili walikaa kando yake, naye alipitisha ujumbe wao tu.

Siku ya Mungu moja, ibada ilipokwisha, capitaine mmoja aliyepanga kwenye depo la mfanyabiashara karibu na gare, stesheni ya treni, alisimama mlangoni pa kanisa.

"Mu mugini huu, nani anayua ordinateur?"

Nilihisi midomo ya watu ikitaka kusema "Théo". Niliwatangulia.

"Minyi, mon capitaine. Jessé Kabwe."

Akaandika jina langu kwenye daftari. "Ukuye siku ya tatu, saa nne. Usikose."

Niliondoka pale natembea juu ya mawingu. Mke wangu Salomé, tumbo la miezi minane, akaniuliza, "Wanakutakia nini?"

"Wananitaka juu ya akili."

"Akili ya nani?"

Nilijifanya sikusikia.

Siku ya tatu nilivaa shati la kupigwa pasi na viatu vyeusi. Nilipitia kwa Théo kusudi. Haikuwa njia yangu. Nilitaka tu anione.

Nilimkuta mlangoni na Julie. Walikuwa wanasemezana vichwa karibu. Waliponiona, walinyamaza ghafla.

Nikasema moyoni: hata Julie. Wananisengenya.

"Unaenda wapi, mulunda?" Théo akauliza, akiniita rafiki kwa Kiluba.

"Wananihitaji. Minyi. Leo, minyi."

Alifungua kinywa. Akaniangalia viatu, akaniangalia shati, akaniangalia usoni. Akakifunga.

"Haya," akasema.

Depo lilikuwa limejaa askari, wapagazi wa gare na watazamaji wa kila siku. Katikati, juu ya kreti, ordinateur nyeupe mpya, imetoka ng'ambo. Groupe électrogène, jenereta yao, ilikuwa inanguruma nje.

"Washa," capitaine akasema.

Nilikohoa kidogo kama daktari. Nikashika waya wake, nikainama kwenye prise ya umeme.

"Mon capitaine, muzuie mukono!"

Théo. Amekuja mbio, shati liko wazi, anapenya kati ya watu.

"Ule hayue kitu. Ataunguza machine yenu."

Niliachia waya. "Théo! Wivu gani huu? Hauwezi kuvumilia ata siku moja watu waniite minyi?"

Ndiyo. Mimi nilimwambia yeye kwamba ana wivu.

Alinipita. Akamwonyesha capitaine kitufe kidogo chekundu nyuma ya lile sanduku.

"Muangalie. Inasema volt 115. Groupe yenu inatoa 220. Angechomeka tu, mungesikia pwaa, kisha moshi, kisha basi."

Capitaine akaniangalia. "Weye ulikuwa unayua hii?"

Niliangalia viatu vyangu.

Théo akaendelea, na sauti ile sikuwahi kuisikia kwake. "Huyu? Hayue ata fashi ya kuchomeka manette. Ile machine ya camp nilijenga minyi peke yangu. Yeye anakuyaka kuangalia. Ni mwongo wa sokoni, mon capitaine. Mumufukuze."

Mpagazi mmoja akapiga mluzi. "Ayayayaa! Monsieur le secrétaire!"

Depo zima likaanguka kicheko.

Capitaine alikata jina langu kwa kalamu, mstari mmoja mrefu. "Toka hapa, muongo."

Théo alisukuma kile kitufe kwa ncha ya tournevis, bisibisi yake. Akachomeka. Machine ikawaka.

Nusu saa baadaye niliona jeep inapita. Théo amekaa mbele, kando ya capitaine. Hata kiti hicho nilikihesabu: mbele! Hakugeuka kuniangalia.

Nyumbani nilimwambia Salomé, "Kalenga amekufa kwangu."

Mwezi wa kumi mtoto wetu alizaliwa. Watu waliuliza, "Théo hajatuma salamu?" Nilijibu, "Mukubwa sasa. Anakula kuku na ba-officier."

Hiyo ndiyo ilikuwa picha niliyokuwa nayo. Chumba chenye ubaridi mzuri, machine kumi za mupya, Pentium tupu, na Théo katikati anasifiwa. Nilikuwa nikimbembeleza mtoto wangu huku namwonea wivu mtu huyo. Nilipokula nilimwonea wivu. Nilipokuwa naimba kanisani nilimwonea wivu.

Mwezi wa nne, 1999, Julie aliingia kwangu bila kubisha. Alikuwa amefunga kitambaa cheusi.

"Jessé, ukae."

"Kuna nini?"

"Wamesoma majina kwenye phonie. Théo iko ndani."

"Majina ya nini?"

"Alikufa mwezi wa kumi na moja. Front ya kaskazini. Walimupandisha ndege na zile machine, siku ya pili tu baada ya kumukamata."

Nilihesabu. Mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne. Kwa muda wote huo nilikuwa nikimwonea wivu mtu aliyekwisha kuoza.

Lakini Julie hakuwa amemaliza.

"Kuna kingine. Nimekibeba mpaka kimenilemea. Unakumbuka asubuhi ile ulitukuta kwa mulango?"

"Mulikuwa munanisema."

"Ndiyo, tulikuwa tunakusema. Usiku wa kuamkia siku ile nilipitisha ujumbe wa ba-askari. Walisema fundi wa ordinateur akipatikana, apande ndege mara moja. Wa kwanza alikufa, wa pili alikufa. Niliogopa kuonekana kwako, kwa muntu waliyeandika jina yake, maana askari walikuwa wananifuata macho. Nikakimbia kwa Théo. Nikamwambia: umwambie Jessé ajifiche, umupeleke ata kwa ndugu zako, upande wa Kaniama."

"Na juu ya nini hakuniambia?" Nilipiga kelele. "Nilipita pale! Alikuwa mbele yangu! Angesema neno moja!"

Julie akanirudishia maneno yake.

"Alisema: 'Julie, nikimwambia asiende, atazania nataka fashi yake. Atakimbia zaidi.'"

Ni kweli. Ningekimbia.

"Akasema tena: 'Jina yake wameliandika. Akikosa kufika, watamufuata ku nyumba, na Salomé iko na tumbo. Hawatamuacha mpaka waone haiko na maana kwao. Minyi siko na muke wala mutoto.' Ulipopita umevaa vizuri vile, alikaa kidogo. Kisha akakufuata mbio."

Salomé alikuwa amesimama na mtoto mgongoni. Alisikia yote. Alikwenda nje, na nikamsikia analia kama wanavyolia mama zetu wa Kiluba kwenye matanga, kwa sauti, kwa jina: Théo we, Théo we.

Mimi sikulia siku ile. Aibu ilikuwa imekaa mahali pa machozi.

Ndugu zangu mnaosoma, watu husema wivu unakula moyo. Mimi nawaambia unaanza na masikio. Rafiki yangu alikuwa na neno moja la kuniokoa, "usiende", na lingetuokoa sote wawili, maana tungekimbia pamoja, na Salomé kati yetu. Alilimeza, kwa kuwa alinijua. Alijua kwamba neno jema kutoka kwake, kwangu lingeingia limeoza. Ikabidi anipe tusi, maana tusi ndicho kitu pekee ningepokea kutoka kwa mkono wake.

Kama kuna mtu anayekuzidi, na roho inakuuma, mwambie yeye mwenyewe akiwa hai. Mwambie, "Naumia kwa sababu unajua kuliko mimi." Mtacheka, yataisha. Usipomwambia, siku atakayokuja na onyo hatapata pa kulitia.

Mwanangu ni mtu mzima sasa. Huwa ananiuliza ni nani aliyejenga ordinateur ya kwanza ya kuchezea pale camp ya reli, maana wazee wengine bado wanasema ni baba yake.

Basi na iandikwe hapa, mahali ambapo watu wengi wanasikia kwa wakati mmoja.

Ilichaguliwa, ikafungwa, ikawashwa na Théo Kalenga, fundi wa reli. Kabwe hakuchagua hata vis moja.