Kitanda cha Bibi Seken

Mume wangu Nengah Lantra ni fundi wa nyumba, tena fundi hasa: hagusi mti kabla hajapima mikono na nyayo za mwenye nyumba, maana kwetu nyumba hufuata vipimo vya mwili wake. Ila kazi yake ya kwanza huku kwetu aliivuruga, na ndiyo iliyonifanya nimheshimu mpaka leo.

Alizaliwa kusini mwa Bali. Huko mlima wa miungu uko kaskazini, na mtu hulala kichwa kikielekea huko. Sisi tuko upande wa pili. Mlima wetu uko kusini, bahari kaskazini. Alihamia kwetu aliponioa, maana baba hakujaliwa mtoto wa kiume, na kijiji kizima kikawa kinamwita mgeni. Baba akamwombea kazi kwa jirani yetu Wirta: ajenge banda la kulala la mama yake, Bibi Seken, kikongwe asiyeona.

Siku zote za ujenzi ilikuwa mvua na ukungu, mlima hauonekani. Nengah akafuata mazoea ya kwao, kichwa cha kitanda akakiweka kaskazini. Banda likaisha, zuri ajabu, na mchana ule ule bibi akalazwa humo. Hazikupita dakika mbili, akainuka.

"Bahari naisikia kichwani! Nani kanigeuzia miguu mlimani? Mnataka niwapige miungu mateke?"

"Mama, umeanza," alisema Wirta.

Nengah alitoka uani. Ukungu ulikuwa umefunguka, na mlima ulisimama upande wa miguu ya bibi. Akasawijika.

"Na nyinyi mliona nikijenga hivi?" aliwauliza majirani waliokuja kutazama.

"Tuliona, fundi. Tukadhani ndivyo vitabu vyenu vya ufundi vinavyosema."

Niliona aibu mpaka nikashindwa kuinua uso. Wirta, mtu mwema, akamvuta kando.

"Fundi, sema vitabu vinaruhusu. Watakuamini. Godoro tutaligeuza wenyewe. Ukikiri umekosea, nani atakuita tena?"

Nami, siwafichi, niliomba moyoni akubali. Tulikuwa tumemwekea matumaini yetu yote.

"Godoro litageuka," alisema Nengah. "Nguzo je? Na ukuta wa kichwani? Navyo vimeelekea baharini."

Akapanda juu ya paa, akaanza kung'oa nyasi alizozifunga mwenyewe.

"Nimekosea," alisema, na watu wa barabarani walisikia. "Nimejenga kwa mlima wa kwetu."

Siku kumi na moja alifanya kazi peke yake. Watu walipita wakimcheka, wengine wakimuuliza kama leo ameuona mlima. Yeye akaendelea kupima. Mimi nilimpelekea wali na samaki, nikiwa na hasira nao wote, na nilimpenda kuliko siku ya harusi.

Kazi ilipoisha, bibi alilazwa tena mchana. Nengah alikaa kwenye ngazi, chai ikampoa mkononi. Tulimsikia bibi akipapasa ukuta wa kichwani, taratibu, kutoka pembe hadi pembe.

"Mkwe wetu," aliita. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. "Ukiondoka, rudisha mlango."

Kisha akaanza kukoroma.