Interview ya udaktari: waliniambia niache kuangalia viatu vya watu

Wakuu, hamjambo. Na nyinyi mnaosomaga kimyakimya bila kukomenti, pia hamjambo.

Hii imenitokea mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Labda kidogo pale kwa shangazi yangu, lakini akiisoma atasema nimepunguza.

Mimi ni kijana wa Kosele, Homa Bay. Tangu darasa la nne nilikuwa nasema nitakuwa daktari. Form four nilipita vizuri, na kuna chuo kimoja, jina nalificha, kinachosomesha vijana wa pande zetu medicine bila fees. Lakini lazima upite interview. Unajaribu mara mbili tu. Ukianguka ya pili, kwaheri.

Ya kwanza nilianguka.

Na majibu nilikuwa nayo! Kwa nini unataka udaktari, nilijibu. Mgonjwa akikataa dawa utafanya nini, nilijibu. Barua ikaja na sababu moja: sikuwaangalia watu waliokuwa wananihoji.

Ni kweli. Sura za ile panel sizijui mpaka leo. Viatu navijua. Kulikuwa na cheusi cha ngozi, cha brown kilicholiwa kisigino, na mama mmoja wa sandals nyekundu aliyekuwa anazivua na kuzivaa chini ya meza.

Msinicheke, wakuu. Nyanya yangu alinilea hivyo, kwamba mkubwa akiongea unaweka macho chini na masikio wazi. Sasa unawekwa mbele ya madaktari watatu wa umri wa babako, utawakodolea macho vipi?

Mama akapigia Waya Dorina simu. Waya ni shangazi, dada ya baba. Anauza viatu vya mitumba Isebania karibu na border, na mdomo wake unajulikana mpaka Sirare, upande wa Tanzania.

"Niletee huyo mtoto wiki mbili," akasema. "Nitamnyoosha."

Mteja wa kwanza alikuwa mzee mmoja Mkuria, mrefu kweli. Mimi nikaangalia miguu, nikamwambia, "Size nane, mzee." Na ilikuwa nane. Waya akanichapa begani na kiatu cha mtoto.

"Angalia mtu! Kwani huyu ni maro wako?"

Maro ni mama mkwe, na kwetu huyo ndiye mtu humtazami kabisa. Soko yote ikacheka. Mzee mwenyewe alicheka zaidi, na alikuwa na ndevu mpaka kifuani. Kuanzia hapo nikaitwa Mkwe.

Sheria ya Waya ilikuwa hivi. Mteja akiondoka, yeye ananiuliza, "Alikuwa na mwanya? Amenyoa? Amekasirika ama amechoka?" Nikishindwa, hakuna chai. Siku mbili za kwanza nilikunywa maji.

Saa nane mchana, wateja wakipungua, akina mama wa vibanda jirani ndio wanakuwa panel. Kulikuwa na wa nyanya, wa vitenge, na Mama Omena, ambaye omena yake, wale dagaa wa ziwa, hutoka kisiwa cha Remba. Mimi nimekalia ndoo iliyopinduliwa.

"Wewe sasa ni daktari," Mama Omena ananiambia. "Foleni ni refu, na kuna mgonjwa anakutukana. Utafanya nini?"

Nikianza ile Kiingereza ya Google, ananikatiza. "Apana! Ongea kama mtu. Na uniangalie!"

Waya naye anapiga kelele kutoka nyuma ya meza yake, leso imefunika miguu hata jua likiwa kali: "Macho juu, Mkwe! Juu!"

Wakuu, sijawahi kucheka hivyo maishani. Lakini pia niliogopa, kwa sababu sikuwa na nafasi ya tatu.

Siku ikafika. Interview ilifanyiwa ukumbi fulani Migori town. Kwa panel niliangalia watu, yawa! Niliwakodolea mpaka daktari mmoja akajipangusa mdomo, nafikiri alidhani ana mabaki ya chapati.

Halafu kukawa na chumba cha mwisho. Mlangoni kuna kadi: huyu ni mgonjwa, ongea naye ujue shida yake, dakika saba. Ndani kuna mzee amekaa kwa kiti, anaigiza ugonjwa, na mwalimu kwa kona anaandika.

Nikamsalimia, nikamuuliza anasikiaje.

"Niko sawa, kijana. Ni uchovu tu."

Namwangalia, ananiangalia. Nikauliza tena vingine.

"Si nimesema ni uchovu?"

Ikawa kama mashindano ya kutopepesa macho. Dakika zinaenda. Mwisho aibu ikanishika, nikaona namkosea mzee wa watu heshima, na macho yakaanguka yenyewe.

Kiatu chake cha kushoto kilikuwa kimekatwa na kisu pembeni, pale kwa kidole kidogo. Cha kulia kizima.

Sasa mimi nimeuza viatu wiki mbili. Mtu hakati kiatu kizuri bure. Anakata kwa sababu mguu hauingii.

Mambo ya kupita ama kuanguka niliyasahau kabisa. Nikachuchumaa pale chini. "Pole, mzee. Huu mguu umeanza kukusumbua lini?"

Halafu akamwaga yote: ana kidonda kisichopona, amekificha hata mke wake, anaogopa kukatwa mguu. Kengele ililia bado tunaongea. Yule mwalimu wa kona alikuwa ameacha kuandika.

Wiki tatu baadaye simu iliita nikiwa shambani. NIMEPITA! Aliyenipigia akaongeza kwamba wengi walimwangalia mzee usoni vizuri sana, ila walioona kiatu ni wachache.

Jembe sijui nililiacha wapi. Mama alipiga sigalagala, vile vigelegele vyetu, mpaka majirani wakaja kuuliza ni nani ameoa.

Jumamosi nikaenda Isebania kuwaambia wenyewe. Akina mama wakanizunguka, nikasimulia na vitendo. Nilipofika kwa kiatu kilichokatwa, Mama Omena akapiga makofi, wote wakacheka.

Isipokuwa Waya. Yeye alivuta miguu chini ya meza polepole.

Wiki mbili nzima nilikuwa nimemtii. Macho juu. Sasa nikainama, nikafunua leso. Sandal ya kushoto, kamba imekatwa. Kidole kimevimba, kuna kidonda.

"Waya, huu mguu umeanza kukusumbua lini?"

"Macho juu, Mkwe," akasema. Lakini sauti haikuwa na nguvu, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Jumatatu tulikuwa kliniki. Ni sukari. Daktari akasema tumewahi. Kidonda sasa kimepona, na Waya anatangazia kila mteja kwamba yeye ndiye mgonjwa wangu wa kwanza, halafu anaongeza kwamba nimemharibia maisha kwa sababu nimemkataza soda.

Nilichojifunza mimi: fanya mazoezi, tena na watu watakaokucheka bila huruma. Lakini ulivyolelewa nyumbani usione ni ushamba wa kuacha mlangoni. Mimi kilichoniangusha mara ya kwanza ndicho kilichonipitisha ya pili.

Wenye mmepita hizi interview za medicine, nyinyi mliulizwa nini? Na mnaojiandaa, ulizeni hapa, nitajibu.

Lakini kabla hujakomenti, nenda kwanza uangalie miguu ya shangazi yako.