Iko Mguu, ama Iko Wewe?

Siku ya kwanza Msimamizi wa zizi alinipa uma wa kuzolea mavi, akanionyesha mlango kwa kidevu, akaenda zake kunywa kahawa. Mimi nilikuwa saisi, yaani mtunza farasi, tangu ujana wangu huko Limuru, na nilidhani zizi nalijua. Lakini farasi wa Stockholm walikuwa wakitoa mvuke puani kama sufuria, na viatu vyao vilikuwa na misumari ya kushika barafu. Mmoja akanigeuzia makalio. Nikarudi nyuma mpaka ukutani, nimeushika uma wangu mbele kama ngao.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini. Mswidi mmoja aliyefuga farasi Kenya alikuwa amerudi kwao na farasi wake wawili, na mimi wa kuwatunza. Vijana huniuliza harusini, "Ati mzee ulikuwa joki?" kisha wanacheka. Nilisoma kidogo, lakini nitajaribu kujibu.

Nilianza na mavi, nikapanda cheo nikawa wa kuwatembeza farasi asubuhi, halafu wa kuwakimbiza mazoezini, mwisho nikawa joki, yaani mpanda farasi wa mashindano, katika mbio za kuruka viunzi. Viunzi vya kuruka ni vya aina mbili. Kuna vya fito, ambavyo farasi akivigusa vinainama. Na kuna vikubwa vya matawi yaliyoshindiliwa, ambavyo havimwinamii mtu. Asubuhi ya mbio majoki huuzunguka uwanja kwa miguu, wakikanyaga ardhi pale ambapo farasi atatua, waone kama ni laini au ngumu. Wengine walikuwa wakipiga soga. Mimi tumbo lilikuwa linanikata toka kiunzi cha kwanza.

Kabla ya kupimwa uzani, joki na tandiko lake pamoja, nilikuwa natapika. Nilidhani ni siri yangu, mpaka siku moja Lasse, joki mkubwa wa zizi letu, akagonga mlango wa choo.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Basi fanya haraka, ndugu. Kuna mwenzako kwenye foleni."

Mwalimu wetu, maana ndivyo tulivyomwita anayewafundisha farasi mbio, alikuwa Muairishi. Alikuwa joki wa kuruka kwao miaka ya baada ya vita, mpaka mifupa ya bega ikakataa kuunga. Halafu alikaa Kenya kidogo, akaokota Kiswahili cha kuamrisha watu. Alikuwa mkali, na sikumbuki kama aliwahi kunisifu. Lakini nisimwonee: hakumpandisha mtu farasi ambaye yeye mwenyewe hajampanda.

Kosa langu lilikuwa mikono. Mtu mwoga hukaza hatamu, na farasi akijikwaa anapotua anahitaji kichwa chake ili ajiokoe. Inabidi uziache hatamu ziteleze vidoleni mpaka mwisho, ukae kama huna kitu.

"Wewe nashika nini, Mungu?" Mwalimu alikuwa akinipigia kelele. "Wacha kichwa yake! Yeye pia nataka kuishi."

Nilijifunza polepole. Halafu Lasse akaanguka kwenye kiunzi cha matawi, farasi akamlalia kiunoni. Hakufa, ila hakupanda tena. Farasi wake wakawa wangu, na kati yao alikuwamo Svala, jike mwekundu wa tajiri mmoja wa mbao. Tangu siku ile usingizi wangu ukawa wa mang'amung'amu.

Asubuhi ya mbio kubwa za vuli nilikwenda kwa Svala nikafanya kama masaisi wa kwetu: kabla ya jambo lolote, kiganja kitupu kinateremka mguuni. Nyuma ya mguu wa mbele kuna kano. Ikiwa na moto, imeanza kuchanika ndani, na farasi wa namna hiyo akitua kutoka juu huenda chini pamoja nawe. Mguu wa kushoto nikausikia una moto. Nikashika wa kulia, nikarudi kushoto, moto haupo. Nikashika tena, upo. Mkono wangu ulikuwa umetoka baridini, kila kitu kwake kilikuwa cha moto.

Joki aliyekataa farasi asubuhi ya mbio hakuitwa tena. Hakuna aliyelisema, wote tulilijua. Na Wanja, mke wangu, alikuwa nyumbani, mtaa wa Rinkeby, na mimba. Nikisema, kazi huenda imekwisha. Nikinyamaza, labda nitakuwa chini ya Svala.

Nikasema.

Msimamizi akapapasa. "Sisikii kitu." Alikuwa mwangalifu, hakudanganya. Daktari wa farasi akaubonyeza mguu, akaamuru Svala akimbizwe matiti, ule mwendo wa mbio ndogo, kwenye mawe, aone kama atachechemea. "Mzima," akasema.

Yule tajiri mwenye farasi akanitazama. "Anaogopa tu huyu." Alisema kweli. Nilikuwa naogopa.

Mwalimu akavua glavu. Akachutama, akaishika miguu yote miwili muda mrefu, akainuka kwa shida.

"Iko mguu, ama iko wewe?"

Wote walikuwa wakiningoja. Nilitamani sana kusema mguu.

"Sijui, Bwana. Naogopa, hilo najua. Mguu sijui."

Akavaa glavu zake. "Toa tandiko."

Tajiri alifoka kuhusu wageni aliowaalika. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, hakubadilisha neno. Baadaye alinikuta stoo ya shayiri nimejiinamia.

"Mimi nazika rafiki mingi," akasema. "Wote nasema najua. Wote hapana ogopa."

Svala alipumzishwa, kisha akakimbia na joki mwingine, akamaliza wa pili, miguu mizima. Kwa hiyo pengine hakukuwa na moto wowote. Tajiri aliwahamisha farasi wake, na ilikuwa haki yake. Vyumba vyao zizini vikabaki vitupu, nami nilikuwa navipita nimeinamisha kichwa. Wiki iliyofuata Mwalimu alinipandisha farasi mwingine. Nikaendelea kupanda miaka kadhaa, nikitapika vilevile.

Sasa ninapokea pensheni, na kazi niliyostaafia ni ya usafi wa ofisi huko Kista, pembeni mwa Stockholm. Binti yangu huniuliza kwa Kiswidi kama nilikuwa jasiri. Sijui nimjibu nini. Namsimulia tu asubuhi yangu ya mwisho uwanjani. Nilikuwa naukagua uwanja kwa miguu, nikajikuta nawaza nyama ya kununua jioni. Nikafika kwenye kiunzi kikubwa cha matawi, nikakitazama. Tumbo kimya. Nikangoja kidogo. Kimya.

Nikamfuata Mwalimu kwenye chumba cha uzani, tandiko mkononi.

"Bwana, leo siogopi."

Alinitazama usoni, hakucheka. Akanyoosha mikono yake miwili, akalipokea lile tandiko, akamwita joki mwingine.