Kifunga Mdomo cha Shemasi

Fundi Mikoba alikuwa na dole gumba la kulia lililostahili kukatiwa bima. Kwa dole hilo alisukuma shazia, ile sindano nene, kwenye ngozi ngumu, akakaza uzi, akashona mikoba, mikanda na viti vya pikipiki. Mumewe alizoea kusema kwamba akifa yeye mkewe atalia kidogo, ila likikatika dole, matanga hayatakwisha. Hakuwa anatania.

Kwa hiyo alipomwona mama mkwe akiingia kibandani na mbwa, alificha mikono nyuma kama mtoto aliyedokoa sukari.

Mbwa aliitwa Shemasi, kwa ajili ya yale macho yake ya kuhuzunikia dhambi za watu. Zake hazikumsumbua. Wiki iliyopita alikuwa amemng'ata msoma mita za maji, pale pale mtu anapokalia. Ofisi ya mtaa ikatoa neno: Shemasi avae kifunga mdomo, la sivyo atachukuliwa na hatarudi.

"Mwanangu," mama mkwe akasema, "mshonee mdogo wako."

"Mdogo wangu, mama?"

"Nimemlea tangu mumeo alipohama kwangu. Basi mwite shemeji, kama unataka ukoo ulionyooka."

Fundi akamtazama shemeji. Kichwa cha mraba, kama boksi la viatu. Pua fupi, pana, mbichi. Midomo ya juu ilining'inia huku na huku kama mapazia, na mchezo wenyewe ulikuwa nyuma ya mapazia. Kidari kama kabati, halafu kiuno, ajabu ya Mungu, cha mshindi wa urembo. Sikio moja limesimama, jingine limelala, kama walinzi wawili wa zamu moja.

"Nitamkadiria kwa macho tu, mama."

"Hata mumeo ulimkadiria kwa macho. Umeona ulichopata?"

Fundi akaomba hadi kesho yake. Mama mkwe alipoondoka, akamkamata paka wake wa kibandani afanyie mazoezi. Hakupata la maana. Uso wa paka ni sahani yenye masharubu. Pua imebandikwa kama kifungo, na ukitafuta mahali pa kuzungushia mkanda, unateleza hadi masikioni. Paka alivumilia kidogo, kisha akachomoa kucha alizokuwa amezificha kwenye vidole laini. Fundi akabaki na mistari mitatu mkononi, na hofu mara mbili ya ile ya asubuhi.

Akampigia simu daktari wa mifugo, akitumaini ataambiwa kazi hiyo haiwezekani.

"Inawezekana sana," daktari akasema kwa furaha ya mtu aliye mbali. "Ila usimpime akiwa amefunga mdomo. Mbwa hatoki jasho kama sisi, joto analitoa kwa kuhema ulimi nje. Ukimbana taya kabisa, jua litamuua. Mpime akiwa ameachama."

"Ameachama," Fundi akarudia, akilitazama dole lake.

Kesho yake mama mkwe alikaa kwenye kigoda, akambana Shemasi shingoni kwa magoti. Fundi akapitisha tepu kisogoni. Salama. Akapima kutoka katikati ya macho hadi ncha ya pua, jasho likimtiririka mgongoni. Salama. Akazungusha tepu kwenye taya, naye Shemasi, kwa joto la paa la bati na la magoti ya bibi, akaachama.

Mapazia yakapanda. Fundi akaona ufizi mweusi wenye mabaka ya waridi, meno madogo ya mbele kama punje za mchele, na pembeni chonge nne ambazo hazikuumbwa kwa ajili ya mchele.

"Pima basi! Unapiga picha?"

Mama mkwe alipofoka, Shemasi alishtuka. Manyoya ya mgongoni yakasimama, sikio lililolala likaamka, na taya zikafunga. Mkono wa kulia wa Fundi, ulioteleza pamoja na tepu, ulikuwa ndani, dole na yote.

Hakuvuta. Ngozi ilishamfundisha: kitu kilichonaswa kwenye ncha ukikivuta kinachanika. Alisimama bila kupumua, akihisi chonge zimemgusa tu, bado zinafikiri. Ulimi ulikuwa wa moto chini ya kiganja. Mama mkwe akakaza magoti.

Hatimaye joto likamshinda Shemasi. Akaachama, aheme. Mkono ukatoka umelowa, umekamilika.

Fundi akakaa chini, akauangalia mkono wake kama umetoka ng'ambo. Tepu ilikuwa imeanguka, wala hakuiokota. Upana wa mdomo ulioachama aliujua sasa kwa mkono wake: vidole vinne vilivyobanana, na dole juu yake. Akakata ngozi kwa kipimo hicho, akashona hapo hapo, mshono mmoja akaushona mara mbili.

Kifunga mdomo kilipokamilika, mama mkwe akaamuru.

"Haya, mvalishe."

"Hapana, mama." Fundi alishtushwa na neno lake mwenyewe, lakini lilishatoka. "Fundi anapima na kushona. Kumvalisha mtoto ni kazi ya mzazi."

Akakiweka mapajani mwa mama mkwe, akarudi nyuma ya meza. Bibi akakishika, akamwinamia mwanawe. Shemasi akapiga mwayo mrefu, na mama mkwe, kwa mara ya kwanza tangu amlee, akayahesabu meno.